Baba Yangu na Barzilai

Baba yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Nilirithi jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga aliniita "mama", na wadogo zangu walikua wakidhani ndivyo ninavyoitwa. Nikichelewa kisimani, husimama uani na kupaza sauti: "Mama, umelala huko?" Mwanamume mzima mwenye ndevu zake anamwita mama mtoto wa miaka saba. Kwetu Unyamwezini hakuna anayeshangaa. Naanza na hilo kwa sababu lilikuja kunirudia uzeeni, uzee wake na wangu pia, maana nami nimestaafu ualimu, na magoti yangu siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio.

Alikuwa mrina asali. Kijiji chetu kipo Sikonge, kusini ya Tabora mjini, pembeni ya pori la miombo, na enzi za nguvu zake alikuwa na mizinga kama sitini huko porini. Yote ilikuwa ya magogo. Ya magome hakuitaka, kwa kuwa mti ukishachunwa gome pande zote hufa. "Unaua mti ili umpatie nyumba mdudu anayekula maua ya mti huohuo," alikuwa akisema, na watu wa tumbaku, wanaokata magogo kwa ajili ya kukaushia majani yao kwenye mabani, vibanda vya moto, aliwasema kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kila ifikapo Juni aliingia porini na unga, chumvi na panga, akakaa kambini wiki mbili au tatu. Akirudi alinukia moshi mpaka Biblia yake nayo ilinukia moshi.

Asali ilikaa kwenye vilindo chini ya kitanda chake. Ndiyo iliyotulipia ada, sare na chumvi ya mwaka mzima, kwa hiyo haikuguswa. Sisi tuliigusa. Siku aliyotukamata, mimi na kaka yangu, vidole vimenata mpaka viwiko, hakuchukua fimbo. Alichukua Biblia, ile ya Muungano yenye jalada jeusi, akafungua Methali 25:16 na kutusomea tukiwa tumepiga magoti: "Je! Umeona asali? Kula kadiri ikutoshayo. Usije ukashiba na kuitapika." Tuliogopa kutapika kuliko kuchapwa. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, niligundua kwamba sura moja tu kabla ya hapo, 24:13, imeandikwa: "Mwanangu, ule asali, kwa maana ni njema." Huo hakuwahi kutusomea. Nilipokwenda likizo nikamuuliza. Akafikiri kidogo, akasema, "Huo ulikuwa wa wateja."

Tulicheka, lakini nilijifunza kutoka kwake namna hiyo ya kutumia Maandiko, na nikaitumia maisha yangu yote bila kucheka. Unajua unachotaka, kisha unatafuta mstari wa kukibeba. Nilifanya hivyo darasani, nilifanya hivyo kwa mume wangu, Mungu amrehemu, na nilifanya hivyo kwa Baba mwenyewe alipozeeka.

Oktoba 2016 alianguka na baiskeli, ndoo ya asali ikiwa nyuma. Alikuwa na miaka themanini au zaidi kidogo. Kadi yake ya ubatizo ilikuwa na mwaka, lakini yeye mwenyewe hakuuamini. Nyonga haikuvunjika, ila iliumia kiasi cha kumlaza. Hospitali niliyompeleka sitaitaja. Kijana aliyetupokea alikuwa mpole na mwenye haraka, akaniuliza mimi juu ya kichwa cha Baba: "Mzee anasumbuliwa na nini?" Baba akajibu kutoka kitandani, "Mzee yupo hapa." Kijana akatabasamu, akaendelea kuniuliza mimi. Nami nikaendelea kumjibu. Kosa la yule kijana ninalikumbuka vizuri kwa sababu nililifanya pamoja naye, kisha nikalifanya peke yangu kwa miezi minane.

Nilimleta kwangu Isevya, Tabora mjini. Nilimwandalia chumba chenye sakafu ya marumaru, dari jipya, godoro nene na feni. Pesa ya dari na marumaru ilitoka wapi? Niliuza mizinga yake. Mdogo wangu wa kiume alishauri, mimi nikaafiki, jirani kijijini akanunua mizinga thelathini na miwili iliyokuwa bado mizima, na baiskeli akaongezewa. Hatukumwambia Baba. Tulisema moyoni kwamba mtu wa umri ule hapandi tena mti, na kwamba mali ya mzee ni ya kumtunzia mzee. Ukiniuliza wakati ule ningekupa na mstari: Timotheo wa Kwanza 5:8, asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Mstari huo ulikuwa unaniwasha. Nilikuwa kiongozi katika umoja wa akina mama kanisani, na sikutaka mtu aseme Mwalimu ana nyumba ya marumaru mjini na baba yake analala kwenye tope.

Ukitazama kwa nje, alitunzwa. Alikula kwa wakati, alimeza dawa kwa wakati. Asubuhi nilimketisha kibarazani, na akawa anahesabu treni. Tabora reli inagawanyika, moja inakwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na baada ya mwezi mmoja alikuwa akisikia honi tu anasema, "Hiyo ya Kigoma imechelewa." Waliopita barabarani aliwasalimia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwetu. Wazee wenzake waliitikia. Vijana walipita na vidude vyao masikioni. Nilipokuwa na vikao vya kanisa nilifunga geti kwa kufuli, kwa usalama wake. Siku moja nikirudi nilimkuta amesimama ndani ya geti, ameshika nondo kwa mikono miwili, anatazama nje tu. Aliniachia nafasi nifungue, akasema, "Karibu, mama," akarudi kwenye kiti chake. Ningemshukuru kama angegomba.

Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na hakuweza kusoma, kwa hiyo kila jioni nilimsomea. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki, pengine kwa mara ya kwanza. Januari tulikuwa kwenye Mhubiri, na tulipofika sura ya 12 nilitaka kuiruka kwa kuwa inahusu uzee na inasikitisha. Ikasadifu nimesoma kwa sauti mistari mitatu ya kwanza kabla sijaamua: siku hiyo walinda nyumba watakapotetemeka, na wenye nguvu watakapojiinamisha, na wasagao kukoma kwa kuwa ni haba, na hao wachunguliao madirishani kutiwa giza.

Baba akanyosha mkono. "Ngoja. Huyu anatega."

"Anatega nini?"

"Kitendawili, mama. Wewe ni mwalimu, huoni? Soma kimoja kimoja."

Nikasoma kimoja kimoja, naye akategua. Walinda nyumba wanaotetemeka? Akainua mikono yake miwili na kuitazama ikitikisika kwenye mwanga wa taa. Wenye nguvu wanaojiinamisha? Akapiga paja. Wasagao waliokuwa haba? Akafungua kinywa akanionyesha meno manne, akayahesabu kwa ulimi. Wachunguliao madirishani hakuhitaji hata kujibu. Milango iliyofungwa upande wa barabara kuu ni masikio, na mtu kushtuka kwa sauti ya ndege ni yeye mwenyewe, ambaye saa kumi alfajiri yuko macho anasubiri jogoo wa jirani. Nimesikia mahubiri mengi ya sura hiyo, yote mazito, wahubiri wanashusha sauti. Mzee wangu aliifurahia kama mtoto aliyepewa mji. Alipokosa jibu aliomba mji kweli: "Haya nipe mji!" Nami nikasema, "Nenda Urambo!" Akaenda Urambo, akarudi, nikampa jibu.

Tulikwama pawili. Kwanza, "mlozi utachanua maua". Baba alishtuka. Kwetu mlozi ni mchawi. "Mchawi achanue maua?" Nikamweleza kwamba ni mti wa nchi za Biblia, maua yake meupe hujaa mti mzima kabla majani hayajaota, na kwamba ni mvi. Akatulia. "Basi wangesema muba. Muba ukichanua, pori lote linakuwa na mvi, na nyuki hawalali." Kisha akanyamaza muda mrefu, nikajua anafikiria nini. Shangazi yake, nilipokuwa mdogo, aliitwa mlozi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka hamsini ya kupuliza moto kwenye jiko lisilo na dirisha. Huku kwetu na kwa ndugu zetu Wasukuma, bibi vizee wameuawa kwa macho mekundu. Hilo kila mtu anajua, na kanisani hatulisemi inavyostahili. Shangazi yeye aliponyoka. Baba alimhamishia kwetu usiku, juu ya baiskeli, na akaishi nasi mpaka alipokufa kitandani kwake. "Walipomwona na mvi walimkimbia," Baba alisema. "Imeandikwa mwondokee mtu mwenye mvi, nao wakamwondokea kweli."

Mstari huo ni Walawi 19:32, na Kiswahili chake cha zamani kinachanganya masikio ya leo. Mwondokee maana yake simama, inuka kwenye kiti chako kwa heshima yake. Tangu siku hiyo nikiusikia, namwona Baba anaendesha baiskeli gizani na kikongwe nyuma.

Mahali pa pili tulipokwama ni "pilipili hoho itapasuka". Hapo tulishindwa wote wawili, tukacheka mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Baadaye mchungaji mmoja aliyesoma lugha za Biblia alinieleza kwamba neno la Kiebrania ni aviyona, tunda la kichaka ambalo watu wa kale walilila ili kuamsha hamu, na likishindwa kazi ndiyo basi tena. Nilimpelekea Baba jibu hilo. Akasema watafsiri walikuwa na aibu.

Kufikia Mei tulikuwa kwenye vitabu vya Samweli, kwa ombi lake, kwa kuwa alipenda vita vya Daudi. Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu, anavuka Yordani, anafika Mahanaimu amechoka, na watu watatu wa ng'ambo ile wanamletea vitanda, vyombo, unga, kunde, dengu, kondoo. Mmoja wao ni Barzilai Mgileadi. Nilipofika kwenye neno "asali" Baba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Sasa huyo ni mtu. Wengine wanakimbilia kwa mwenye kushinda, yeye anampelekea asali aliyefukuzwa nyumbani." Akataka kujua Barzilai aliishia wapi. Nikamwambia tutaona.

Tuliona siku chache baadaye, katika sura ya 19. Absalomu amekufa, Daudi anarudi Yerusalemu kwenye ufalme wake, na Barzilai anamsindikiza mpaka mtoni. Maandiko yanasema alikuwa mzee sana, mwenye miaka themanini. Mfalme anamwambia, vuka pamoja nami, nami nitakulisha Yerusalemu. Kwa lugha yetu ya leo: njoo mjini, Mzee, umehangaika vya kutosha, kila kitu nitagharamia. Na mzee anakataa. Anauliza siku za maisha yake zimebaki ngapi hata apande Yerusalemu. Anasema ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula, masikio yake hayasikii waimbaji, kwa nini amwelemee mfalme? Anaomba arudi afie katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake.

Niliisoma kwa sauti ya kawaida, sikuona kitu. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi na huwa macho yangu yanakimbilia kilio cha Daudi kwa Absalomu. Baba akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena kuanzia pale mzee anapojibu." Nikarudia mara ya tatu. Hakusema kitu. Aliomba tusali, akasali kwa Kinyamwezi, kitu ambacho hakukifanya mbele yangu tangu mama afariki, akaenda kulala.

Asubuhi saa kumi na mbili nilimkuta kibarazani. Amevaa koti. Pembeni yake mfuko wa rambo wenye nguo zake, umefungwa fundo, na juu ya mfuko ile Biblia.

"Mama, naomba nauli."

Nilimwambia yote. Nyonga, dawa, mvua, nani atampikia, watu watasema nini. Nikamwambia na Kutoka 20, waheshimu baba yako na mama yako, kwamba mimi nataka kutii amri na yeye ananizuia. Nilikuwa nalia kwa hasira, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Daudi alikuwa mfalme?"

"Ndiyo, Baba."

"Ana jeshi. Angeweza kumpakia yule mzee juu ya punda akamvusha, apende asipende. Akafanyaje?"

Nilijua alivyofanya, lakini nilifungua tena, nadhani nilitaka kupata muda. Mstari wa 39: mfalme akambusu Barzilai, akambariki, naye akarudi mahali pake. Hakuna hotuba, hakuna amri ya ngapi. Busu, baraka, mtu akaenda kwao.

Ikabidi nimwambie kuhusu mizinga, kwa kuwa angefika na kuikosa. Nilitegemea gharika. Alinitazama kwa macho yale yenye ukungu, akauliza, "Na nyuki nao uliwauza?" Sikuwa na jibu. Alicheka mwenyewe, cheko fupi. "Nyuki hawauziki. Watahamia wapi? Wapo palepale."

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Yalikuwa magumu kuliko alipokuwa kwangu. Mdogo wangu wa kike anayeishi jirani na kijiji alilalamika, na alikuwa na haki, kwa kuwa mzigo ulimwangukia. Tulimlipa mama mmoja mjane ampikie. Mimi nilipanda basi kwenda Sikonge kila baada ya wiki mbili, pensheni ikawa inaishia barabarani. Kanisani walisema waliyosema. Dada mmoja wa umoja wetu aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli nimemrudisha mzee porini, nikamjibu kwamba ndiyo. Dawa alizisahau mara nyingi. Mara mbili alianguka tena. Kwa hesabu za hospitali, pengine nyumba yangu ingemwongezea siku. Nafikiri juu ya hilo mpaka leo, na sioni aibu kulisema.

Ila siku ile ya kumrudisha alifanya jambo ambalo lilinithibitishia kwamba aliisikiliza sura ya 19 kuliko mimi niliyeisoma. Marehemu kaka yangu aliacha kijana, wakati huo yuko kidato cha kwanza shule ya kata, analelewa palepale kwa babu. Wakati nataka kuondoka Baba alimwita, akamshika bega, akanisogezea. "Huyu na avuke pamoja nawe." Nikadhani natania kwa kusema, "Kimhamu?" Akasema, "Hasa." Barzilai alipokataa kwenda alimtoa Kimhamu aende badala yake, na Daudi akakubali kumtendea Kimhamu yote ambayo angemtendea mzee. Basi kile chumba cha marumaru, chenye dari la mizinga thelathini na miwili, akaingia kijana. Jina la Kimhamu likamganda mtaani mpaka walimu wake wapya wakadhani ndilo la kwenye cheti.

Nilikuja kufuatilia. Daudi akiwa karibu kufa, katika Wafalme wa Kwanza 2, anamwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai, wale mezani pake. Na mbele sana, karne nyingi baadaye, Yeremia 41 inataja mahali karibu na Bethlehemu panapoitwa Geruth-Kimhamu, na Bethlehemu ndiko kwao Daudi. Kama ni Kimhamu yuleyule, basi alipewa makao na jina lake likabaki juu ya ardhi. Nilimsimulia Baba. Alifurahi kwa namna ya mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri.

Likizo za Juni Kimhamu wetu alirudi kijijini kurina. Jirani aliyenunua mizinga alikuwa mwungwana. Alimruhusu Baba kuitembelea, na mwisho akamrudishia mitano. Sasa kijana alipanda mti usiku na kienge cha moshi, na babu alikaa chini kwenye kigoda, hamwoni, anasikiliza tu mngurumo wa nyuki na kutoa amri. "Puliza kidogo. Hao wamekasirika. Acha masega ya ndani, hao nao wanakula." Nilikuwepo usiku mmoja, nimejifunika kanga mpaka puani. Mikono iliyokuwa ikitetemeka kibarazani kwangu ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Alikuwa akisema amepita hesabu ya Zaburi ya 90. Sabini ni mshahara, themanini ni kwa wenye nguvu, "na sasa nakula nyongeza". Alifariki Septemba 2019, nyumbani, alasiri, mama mpishi akiwa anapepeta mchele nje ya mlango. Sikuwahi kufika. Nilikuwa ndani ya basi.

Lakini Pasaka ya mwaka huo, Aprili 21, nilikuwepo. Sisi Wamoravian asubuhi ya Pasaka huamkia makaburini; tunakwenda gizani kwa nyimbo na kulikuta jua huko, katikati ya wafu wetu. Miguu yake ilikuwa imeshindwa. Nilimwambia abaki. Hakujibu, alinyosha tu miguu yake miwili mbele yangu, na viatu vilikuwa vimewekwa tayari tangu jioni. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikamvisha, nikafunga kamba. Nikamfunga na mkanda wa suruali, kwa maana vidole vyake havikuweza tena kuulenga.

"Haya mama," alisema juu ya kichwa changu, "Petro aliambiwa utakapokuwa mzee utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka. Yohana ishirini na moja."

"Kumi na nane," nikasema.

"Kumi na nane. Sasa mimi wanifunga na kunichukua nitakako. Mwambie Petro."

Kimhamu alimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na kijana, mimi nikatembea na wengine. Nyasi zilikuwa na umande mpaka magotini. Tulipofika walikuwa wameshamkalisha kwenye kigoda kando ya kaburi la mama. Upande wa pili ni babu yangu. Katikati pana nafasi ya mtu mmoja, na pale ndipo alipokuwa ameweka kigoda. Jua lilipotoka hakuliona, lakini aligeuza uso upande wake, na alipoimba aliimba bila kukosea ubeti.

Tuliporudi tulikunywa chai. Nilimtilia kijiko kimoja cha asali ya mizinga yake, nikakoroga, nikampa. Alionja, akarudisha kikombe mezani, akakisogeza kwangu kwa kidole.

"Mama, ongeza."

"Methali 25:16, Baba. Kula kadiri ikutoshayo."

"Huo," alisema, "waliandikiwa wenye meno."